Githeri Laini ya Babu Yako

Mpendwa Wanjiru,

Unisamehe kwa kunyamaza tangu Pasaka. Hapa Kiganjo tu wazima, na shangazi yako wa Ruiru anakusalimu.

Umeuliza kama babu yako, tangu ang'olewe meno, anakula githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa, ninayomsagia kwa ile blenda ya mkono uliyotutumia. Mwanzoni alisukuma sahani: "Mimi si mtoto mchanga!" Siku tatu alikunywa chai tu, nikaogopa tutampoteza.

Ndipo nilipomkumbuka mama mkwe wangu, nilipokuwa bibi arusi. Hakuwa na meno, na alikataa chakula alichopondewa kando, mpaka tulipoponda chungu kizima tukala sote sawa.

Jumapili niliisaga sufuria yote. Babu yako alinitazama nikila, akamaliza yake, akaniambia, "Mama Kamau, kama huimalizi hiyo, lete."

Shangazi yako anataka tuhamie kwake. Tukishaamua, nitakuandikia.

Bibi yako, Cucu