Jina Ulilosomea

Mpendwa mdogo wangu Kabula,

Nakuita kwa jina alilokupa mama kwa sababu mvua ilinyesha ulipozaliwa. Serikali iliacha kukujua kwa jina hilo tangu darasa la saba.

Unaikumbuka jioni ile matokeo yalipofika kijijini kwetu Sengerema. Ulikuwa umefaulu, ila hukuchaguliwa. Mwalimu mkuu alimweleza baba kwamba mtihani ni wa wizara, nafasi za sekondari hugawanywa mkoani kwa kila wilaya, na za wilaya yetu zimekwisha. Shule za binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa Mwanza mjini, lakini pamba ya baba ilikuwa imelala ghalani bila mnunuzi. Kurudia darasa kulikatazwa. Ndipo mwalimu akaitaja njia iliyotumiwa na shule nyingi: Milembe, binti wa jirani, alikuwa ameozwa akiwa darasa la sita, na jina lake halikuwa limefutwa kwenye daftari la shule. Ungerudi darasa la saba na kufanya mtihani kwa jina hilo.

Nilisema huo ni uongo. Baba aliniuliza bila kunitazama, "Ukweli wako una nafasi ngapi za sekondari?"

Ulichaguliwa, ukasoma, ukafuzu ualimu katika chuo cha Butimba, ukarudi kufundisha darasa la kwanza. Milembe alipomleta mtoto wake, alikutania mbele ya watu: "Wajina, ugali wangu wa bweni uliula wewe. Sasa nifundishie huyu." Mlicheka mpaka mkashikana mabega.

Lakini siku moja, tulipokuwa tukisubiri kivuko, uliniambia ulikokuwa umetoka. Uliomba urudishiwe jina lako. Halmashauri ilikujibu kwamba vyeti ni vya wizara. Wizara ikakujibu kwamba ajira ni ya halmashauri. Karani mmoja akakunong'oneza usiulize tena, utafukuzwa kazi.

"Kaka," ulisema, "nikifa mniite Kabula."

Homa ilikuchukua kabla mwanao hajaanza kutembea. Halmashauri ilileta jeneza na msalaba ulioandikwa Milembe, na afisa akasoma wasifu wa Mwalimu Milembe, naye Milembe amesimama pale pale kati ya wanawake. Mama yake Milembe alitoka taratibu, akaung'oa msalaba.

"Mwanangu yu hai," alisema.

Nilitaka kuandika Kabula. Afisa alinivuta pembeni, akaniuliza mafao ya mwalimu yatamfikiaje mtoto wa mtu ambaye halmashauri haikumwajiri kamwe. Nikaliacha kaburi bila jina.

Sasa mwanao ni mtu mzima na hakuna wa kumnyang'anya kitu. Juzi nilikwenda na rangi na brashi. Makaburi ya miaka ile yamedidimia, majani yamefunika yote. Nilimwita Milembe anisaidie. Alionyesha moja, akasita, akaonyesha jingine, kisha akakaa chini akalia. Nilirudi na rangi yangu.

Pumzika, Kabula, katika lolote kati ya hayo.

Kaka yako mkubwa