Swali la Mzee Dezső

Székelyudvarhely,
Jumatatu ya Pasaka

Dada yangu mpenzi Tünde,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio cha Ijumaa Kuu. Ila kwanza pokea salamu zetu. Hapa tu wazima, kikohozi cha Mama kimekwisha. Natumaini nawe hujambo huko Bukaresti, na kwamba unakula.

Kompyuta ya Mama imekufa tangu Alhamisi, pamoja na nyimbo zote alizorekodi vijijini. Unawajua wale bibi waliomwimbia, tisa wameshazikwa. Sauti zao haziko kwingine.

Leo wanaume wamepita, kama desturi ya kila Jumatatu ya Pasaka, kutunyunyizia wanawake manukato na kupewa mayai ya rangi, na kila aliyenilowesha kichwa aligeuka fundi. Mjomba Lóránd alisema mashine imemchoka Mama kama yeye alivyochokwa na mkewe, akaizima na kuiwasha mara sita. Jirani Csongor, akinuka pombe ya plamu, alimwaga maneno marefu mpaka Mama akamwamini. Eti, "Shangazi, nipe saa moja tu, naweka programu ya kufufua, utanibusu!" Wote walijifanya wajuzi. Hakuna aliyeuliza kitu.

Mzee Dezső, aliyetunza kompyuta za kiwanda cha nyuzi hadi kilipofungwa, alikuja wa mwisho. Alininyunyizia tone moja, akaweka kofia magotini, akasikiliza. Kisha akainuka akachomoa waya ukutani. Csongor akacheka, "Babu, hiyo si mashine ya kusokota!" Mzee akajibu kwamba hajui bado kama sauti zitapatikana, ila chochote kitakachowekwa sasa kinaweza kuandikwa juu ya zilizobaki. Halafu akauliza nani aliigusa mwisho, na alibonyeza nini.

Nikatazama mayai.

Ni mimi, dada. Ilikuwa inakwamakwama, na kwa kuwa mnaniita fundi wa nyumba, niliona haya kusema siwezi. Nikaanza kuiwekea mfumo upya. Iliniuliza kwa Kiromania kama ifute vyote. Nakisoma sawasawa na Kihungari chetu cha nyumbani, kwa hiyo sina pa kujitetea. Nikabonyeza ndiyo.

Csongor ameahidiwa kuanza saa kumi. Mzee bado yuko jikoni na kahawa yake iliyopoa. Amesema bila jibu lile hagusi kitu, na hamtazami mtu.

Nasikia viatu vya Mama ukumbini. Nilikuwa nimeifunika karatasi hii kwa kitabu cha hesabu. Nimekiondoa. Wasalimie wenzako wa bwenini, na usikasirike kwamba Mama atakuwa ameisoma kabla yako.

Mdogo wako,
Boróka