Kitunguu Kikiungua, Ataita

Jumapili, 3 Machi
Mama watoto ameamua: nijifunze kupika. Daktari kamwambia dawa hazisaidii tena, karudi nyumbani akaanza habari za maharage! Yuko kitandani, mlango wazi, anaamuru. Chemsha sufuria kubwa Jumapili, gawa kwenye vikopo, tia friza. Ukitoka kazini unakaanga kitunguu na nyanya, unamwaga kopo, basi. Wali jiko la pili. Wanao wale kabla hawajasinzia mezani.

Nikamwambia utapika mwenyewe ukipata nafuu. Akaniuliza: umeyachambua hayo maharage? Sikuwa nimeyachambua.

Jumatatu, 4 Machi
Nimetoka karakana hoi, mikono inanuka chuma. Kugeuka kutafuta mwiko tu — kitunguu kimeungua. Kutoka chumbani: "Baba watoto! Kitunguu!" Hakuona kitu, ni pua tu. Eti fundi wa kuchomelea hajui kupunguza moto! Akacheka mpaka akakohoa. Binti mkubwa naye akacheka. Nyumba hii ilikuwa imesahau kucheka. Tukala hivyohivyo, vitunguu vyeusi.

Jumatano, 6 Machi
Leo nimepatia. Kitunguu rangi safi, nyanya zimelainika, chumvi sawa. Mdogo kaomba kuongezewa — yule anayekula kwa kubembelezwa! Nikampelekea mama yao sahani. Akaonja kijiko kimoja.

"Sasa umejua," akasema. Akageukia ukutani.

Nilidhani nitafurahi. Nimekaa bafuni nikalia, bomba nimelifungulia wasinisikie. Kumbe alikuwa anasubiri hilo tu? Aliongea kama mtu anayekabidhi funguo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeunguza makusudi. Mtu mzima mimi, na ndevu zangu! Nikakiangalia kitunguu mpaka kikawa mkaa. "Baba watoto, tena?" Sauti ndogo, lakini ya ukali wake uleule. Roho ikatulia.

Binti mkubwa akanitazama kwa jicho la pembeni. Mbona jana ulijua, baba? Nikamwambia moto ulikuwa mkali. Akaenda kusugua sufuria.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeunguza tena. Amechelewa kuita. Lakini kaita.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji, dada yake mama watoto, amekuja kumwogesha. Akanikuta jikoni nagawa maharage, akasema friza yako imepangika kuliko yangu. Nikamwambia anyamaze, dada yako atasikia. Akanishangaa.

Jioni nikakaa na mama watoto. Mkono wake umekuwa mwepesi, naogopa kuubana. Akaniuliza, umejua kweli? Nikasema bado, bado sana, hata wali unanishinda.

"Mwongo wewe," akasema. Akatabasamu. "Unaunguza kusudi. Unadhani sijui?"

Nikamfunika shuka vizuri.

"Niache nipumzike, baba watoto. Wanangu wale chakula kizuri."

Nikaitikia ndiyo. Nimeahidi kwa mdomo, moyo umekataa katakata.

Jumatatu, 11 Machi
Nimesimama jikoni, naandika, daftari liko juu ya friza. Kutwa mama watoto hajasema neno. Shemeji kasema amelala tu, tumwache alale. Shemeji mwenyewe ametoka kufuata dawa ya maumivu, atarudi sasa hivi.

Maharage ya kwenye kopo yameyeyuka barafu. Wali umeiva. Mdogo yuko mezani, kijiko mkononi. Nyanya nimezikata, ziko hapa. Najua kabisa ni wakati wa kuzimwaga.

Sijazimwaga.

Kitunguu kimepita wekundu. Sasa kinatoa moshi. Mlango wa chumba nimeufungua wote, na dirisha la jikoni nimelifunga ili moshi uende kule. Umeenda. Nauona unaingia.

Binti mkubwa anasema, baba, kinaungua. Nimesikia, mwanangu. Baba, zima! Kanyoosha mkono kwenye jiko, nimemzuia. Analia. Namwambia ngoja, ngoja kidogo tu, mama yako ataita.