Majani Hayafii Njiani

Alhamisi

Hata chai imenishinda kunywa. Tumemzika Chebet, mtoto wa jirani yangu Rose, na mpaka sasa hasira haijaniisha.

Pale kaburini chifu akatuambia tushukuru Mungu, eti siku hizi watoto hawafi kama zamani. Ni kweli, mama yangu alizika watatu. Lakini huyu wa Rose amekufa, na amekufa kwa upuzi.

Jumatatu kifua kilimbana. Mvua ilikuwa imenyesha, bodaboda zikakataa matope. Rose akambeba mgongoni, akasimamisha lori ya kiwanda cha chai, ile iliyobeba majani aliyochuma mwenyewe asubuhi.

Dereva akamwambia, "Pole mama, nikibeba mtu nitafutwa kazi. Na haya majani yakichelewa yataharibika."

Akaenda zake. Rose akatembea. Kabla afike hospitali ya Kapkatet, mtoto alikuwa ameshanyamaza.

Mtoto wa meneja wa kiwanda alikohoa vivyo hivyo mwezi jana. Gari ya kampuni ilimkimbiza hospitali Kericho. Leo tukitoka mazishini nimemwona anaendesha baiskeli.

Nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa. Sijawahi kusikia majani yamefia njiani.