Baiskeli ya Jalila na Fundi wa Kuiunganisha

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
Jumatano, 4 Februari 2026

Mpendwa mwanangu Suleiman,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya yote nakujulia hali wewe, mkeo na watoto. Je, kile kifua chako kimepoa, au baridi ya Rotterdam bado inakuandama? Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mola. Goti langu la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi za msikiti, lakini sala ya jamaa sijaikosa. Shangazi yako Mwanabibi ameshaanza kuchagua mbaazi za Ramadhani.

Picha za baiskeli mbili ulizomtumia Jalila nimezitazama kwa makini. Uliniuliza mambo mawili: mtoto wa marehemu kaka yako anunuliwe ipi, na ikifika iunganishwe na nani. La kwanza ni jepesi. La pili ndilo lililonifanya nichukue kalamu na karatasi, kwa kuwa si la kusemwa kwa simu.

Jalila anaitaka ile nyeusi. Amevutiwa na wepesi wake, na fremu iliyochongwa kuukata upepo. Mimi nimechagua ile ya kijani, na sababu zangu ni hizi. Nyeusi haipokei tairi nene. Mwezi wa Novemba mtoto alishindana Kwale kwa baiskeli ya kuazima yenye tairi nyembamba. Mawe yalimtobolea tairi mara tatu, akaisukuma kilomita tisa, akafika wa mwisho, taa za uwanja zimezimwa. Hakulia. Alisema tu, "Babu, watu hawakunishinda. Nimeshindwa na mawe." Mashindano ya Juni kule Taita ni kilomita mia moja na sitini za changarawe, na mawe ya huko si laini kuliko ya Kwale.

Tena, gia za nyeusi hubadilishwa kwa betri, na wewe unajua chumvi ya hewa yetu inavyokula kila kitu chenye waya wa umeme. Ya kijani hutumia waya wa kawaida, unaopita nje ya fremu, na ukikatika hubadilishwa kibandani. Jalila alilalamika kuwa ina kilo moja zaidi. Fundi Randu wa kibanda cha baiskeli akamjibu bila kuinua kichwa, "Wewe punguza vitumbua vya asubuhi, hiyo kilo utaiona ikiondoka yenyewe." Alinuna siku mbili, kisha akakubali.

Nadira, mama yake, amempima. Urefu ni sentimita mia moja sitini na nane, na mguu kwa ndani sabini na tisa. Nadhani fremu ya hamsini na mbili itamfaa, lakini muulize muuzaji.

Usinunue iliyotumika, hata ukiiona inang'aa. Mwezi uliopita, kabla hujajitolea kumnunulia, tulivuka mimi, Jalila na Randu hadi Magogoni, kwa kijana wa bara aitwaye Morgan aliyekuwa akiuza baiskeli ya kaboni, zile nyepesi zisizo za chuma. Rangi yake ilikuwa safi kabisa. Mimi niliinama nikaigonga kwa kidole, bomba baada ya bomba, kama tunavyogonga chungu sokoni kabla ya kukinunua. Chungu kizima hulia, chenye ufa hukoroma. Morgan alicheka. "Mzee, hiyo ni kaboni, si chungu cha maharagwe!" Jalila naye aliona haya. Lakini karibu na kanyagio sauti ilikufa. Randu akabandua karatasi ya jina, na chini yake palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Morgan alibaki kinywa wazi. Ninaamini hakujua.

Njiani Jalila aliniuliza, "Babu, ni nani aliyekufundisha kugonga baiskeli?" Sikumjibu. Jibu ninakuandikia wewe.

Uliandika kuwa baiskeli hii isiguswe na Randu, kwa sababu Randu ndiye aliyeichomelea ile iliyomwangusha kaka yako Najib. Ni kweli aliichomelea. Sasa soma na mengine.

Baiskeli ile ilikuwa yangu. Niliinunua mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, nikampa Najib siku ya harusi yake apate kubebea mikate ya kuuza. Juma moja kabla ya ajali Randu aliona ufa shingoni mwa fremu. Aliniita mimi, kwa kuwa mimi ami yenu ndiye mkubwa wa nyumba. Aliniambia, kidole akikiweka kando ya ufa, "Mwalimu, hii imekwisha. Nikiichomelea itakatika hapa, pembeni ya palipopita moto." Nilimjibu kuwa chuma hakizeeki, na kwamba sikuja kusomeshwa. Akakataa tena. Nikamwambia kuwa mafundi wako wengi Likoni. Ndipo akawasha moto. Najib hakuambiwa neno. Siku ya sita, kwenye mteremko, akiwa na mikate nyuma, shingo ilikatika pale pale Randu alipokuwa ameweka kidole.

Matangani ulisimama ukasema fundi amemuua kaka yako. Mimi nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka kwako, nikanyamaza. Randu alikuwa karibu na mlango, naye akanyamaza, akaondoka. Mwaka mzima mtaa wetu haukumpelekea hata mpira wa kuziba. Imetimia miaka kumi na mmoja, na nilikuwa nikiwafundisha watoto wa watu kwamba kunyamazia haki ni dhuluma.

Ile baiskeli sikuigonga. Sikuitazama hata. Niliipenda kwa kuwa ilikuwa yangu.

Shaabani imefika nusu, na huu ndio mwezi wetu wa kutakana radhi. Jumamosi baada ya alasiri nilikwenda kwa Nadira nikamweleza yote, Jalila akisikia. Nadira aliendelea kupeta mchele. Mwishowe akasema, "Baba, miaka yote hii mimi huvuka barabara nisipite mbele ya kibanda chake." Jumatatu alipita mbele ya kibanda, akasimama, akamwamkia. Jalila bado hajasema nami kama zamani. Ni haki yake.

Kwa Randu nilikwenda Jumamosi ile ile. Nilidhani atanifukuza au atanisamehe. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema, "Mwalimu, wewe ulinisukuma, lakini moto niliushika mimi. Ningeweza kuuzima." Kisha akafuta mikono, akaniambia, "Hiyo mpya ikija, nikisema hapana, usinibishie." Nimemwahidi. Jalila alikuwepo, naye amesikia.

Sikuombi unisamehe upesi. Kaa nalo kadiri utakavyohitaji, na ukitaka kunilaumu, nilaumu kwa maandishi, nitasoma kila neno. Baiskeli haina budi kufika kabla ya Mei, mtoto apate kuizoea. Nina ombi moja tu. Kwenye sanduku, pale pa jina la mpokeaji, usiandike langu. Andika Randu, Fundi wa Baiskeli, Mtongwe, kwa herufi kubwa, ili kila atakayelibeba kutoka kivukoni hadi hapa alisome.

Nadira anakusalimu, na shangazi yako Mwanabibi anauliza kama watoto wanajua bado kula mbaazi. Nisalimie mkeo, na umbusu kila mtoto kwa jina lake. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, atufikishe sote Ramadhani, na amlaze Najib mahali pema.

Ami yako akupendaye, hata utakapokuwa umenikasirikia,

Hashim bin Ishaka