Kwa Fundi Leo, Aliyeingiza Jenereta Ndani

Ni mwaka mzima leo, Baba Mapacha, tangu tulipokukuta umelaza kichwa juu ya cherehani, jenereta bado inanguruma kwenye stoo ya nyuma.

Mafundi wote huwaambia wateja "njoo kesho." Wewe hukuwahi kusema hivyo, ndiyo maana mtaa mzima ukakuita Fundi Leo. Pini midomoni, chaki sikioni, ukimshonea mtoto suruali unamwachia pindo nene bila kumwambia mzazi, ili aivae hata akirefuka. Kuimba ulikuwa hujui, na uliimba kutwa. Mapacha wako wanabishana nani anakuiga vizuri zaidi.

Mchana ule umeme ulikatika, sare za kwaya hazijaisha, na mvua ikaanza. Ukaingiza jenereta stoo isilowe, ukafungua dirisha ukiamini linatosha. Halikutosha. Daktari alituambia moshi wa jenereta una hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Humlegeza mtu, naye hudhani ni uchovu tu.

Watu wanatuambia ajali haina kinga. Tumechoka kuitikia. Hii ilikuwa na kinga: jenereta ikae nje, mbali na milango na madirisha, na mvua ikizidi izimwe. Wanakwaya wangengoja.

Nami mkeo nina langu, nimelibeba mwaka mzima. Ulinipigia simu saa tisa.

"Mama Mapacha, kichwa kinanigonga. Hata miguu haina nguvu."

Nilikuwa nafua, nimechoka. Nikakujibu, "Meza dawa, malizia kazi ya watu."

Ukacheka. "Haya, bosi."

Sikujua, mume wangu, na wewe hukujua. Lakini ulinisikiliza.

Mama mkwe alinikataza kuliandika hili. Nimeliandika kwa sababu leo kuna mtu atampigia mkewe akilalamika kichwa kinamuuma, na jenereta iko ndani. Dada yangu unayesoma haya, usimwambie amalizie. Mwambie atoke nje sasa hivi, maswali baadaye.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, kaka yako dereva, dada yako mwalimu, mapacha wako, na mimi niliyepokea simu yako ya mwisho. Pumzika. Sisi tutakukumbuka siku zote, hata tukiwa tumechoka.