Hakukuwa na Kisanduku cha "Niko Tu"

Alhamisi, katikati ya Julai. Baridi ya kuvaa soksi mbili, na tangu asubuhi mtaa wetu wa Mountain View, hapa Nairobi, umefunikwa na wingu ambalo halinyeshi wala haliondoki. Nimekunywa vikombe vinne vya chai.

Leo nimehojiwa.

Kwa mliofika hapa kwa mara ya kwanza: kwa miaka minne nimekuwa nikitafuta nafasi ya kwenda chuo cha nje kama mtafiti mgeni. Mwaka mmoja tu wa kusoma na kuandika katikati ya falsafa na saikolojia, kisha nirudi nyumbani nianze uzamifu nikiwa na kitu cha maana mkononi. Nimekataliwa mara mbili. Mara ya kwanza watu wa falsafa walisema swali langu ni la saikolojia. Mara ya pili watu wa saikolojia wakasema ni la falsafa. Nilikuwa kama mtu anayetafuta muhuri wa barua, kila dirisha likimtuma kwa lile lingine. Mwaka huu ndio wangu wa mwisho, kwa sababu wanataka mtu ambaye hajapitisha miaka mitano tangu amalize uzamili. Nikiikosa hii, basi.

Ndiyo maana ingekuwa rahisi kunyamaza kuhusu karatasi za utafiti wangu wa uzamili.

Nilipokuwa nafanya uzamili nilizunguka mtaa jirani wa Kangemi na dodoso. Nililichapisha Ngara, nikabeba rundo zima kwenye begi la mgongoni, nikijiona msomi kweli. Swali la kwanza liliuliza: kwa wiki mbili zilizopita, umekuwa ukijisikiaje? Chini yake kulikuwa na visanduku vitano, kuanzia "vibaya sana" hadi "vizuri sana", na "wastani" katikati. Dodoso lilitoka nchi za nje, nami nililitafsiri mwenyewe kwa mbwembwe zote.

Watu wa Kangemi hawakujibu kwa visanduku. Walijibu vile tunavyojibu siku zote.

"Niko tu."

Kama unaishi Nairobi, umeshaambiwa hivyo leo kabla ya saa nne, na pengine umeshasema mwenyewe. Mimi sikuwaza mara mbili. Pembeni ya karatasi niliandika "tu" kwa penseli, kisha nikifika nyumbani nikaifuta na kutia alama kwenye "wastani". Karatasi baada ya karatasi. Tasnifu ikapita, na msimamizi wangu akanisifu kwamba data yangu ni safi. Nilifurahi sana siku ile, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wiki tatu zilizopita, nikijiandaa kwa mahojiano, nilivuta katoni ya karatasi zile kutoka chini ya kitanda. Ukiinamisha karatasi kuelekea dirishani, ile "tu" iliyofutwa bado inaonekana. Nilianza kuzisoma moja moja. Hazina majina, zina namba na kazi ya mtu, lakini watu wawili niliwakumbuka kwa sababu hadi leo nawaona sokoni.

Mmoja nitamwita Mama Shiro. Si jina lake. Amenipa ruhusa ya kumwandika kwa sharti kwamba nisimfanye mnene. Anauza mboga za sukuma wiki soko la Kangemi, na kwa sababu nimekuwa mteja wake tangu wakati ule, sasa najua kwamba wiki niliyomhoji alikuwa ametoka kumzika dada yake. Wa pili ni fundi wa viatu anayekaa hatua chache kutoka kwake. Wiki hiyohiyo binti yake alikuwa ametoka hospitali baada ya kulazwa muda mrefu, na hadi leo mzee akikusimulia siku ile uso wake unang'aa.

Wote wawili waliniambia "niko tu". Wote wawili niliwaweka kwenye "wastani".

Nilijisikia vibaya sana, na safari hii kisanduku kilikuwepo.

Nikaenda kwa Mama Shiro, nikamuuliza siku ile alikuwa anamaanisha nini. Alinicheka kwanza, kisu mkononi, huku akikata sukuma kama kawaida.

"Hiyo 'tu' ni ya kupea mtu ako na haraka," akasema. "Ulikuwa umesimama hapo na kalamu. Nikakupea, ukaenda nayo. Kama ulikuwa unataka kujua, si ungekaa?"

Nilirudi nyumbani bila mboga. Nilikuwa nimeandika kurasa mia moja kuhusu hisia za watu wa Kangemi, na kumbe nilikuwa nimepima jinsi nilivyosimama mbele yao. Kwa siku kadhaa nilimkasirikia Mama Shiro, kisha nikajikasirikia mwenyewe, kisha nikaanza kuandika niliyofanya.

Leo asubuhi, nusu saa kabla ya mahojiano, nilimtumia msimamizi wangu barua pepe na kumweleza yote. Niliituma mapema makusudi, nisipate nafasi ya kughairi. Kisha nikavaa blauzi ya kanisani juu na suruali ya kulalia chini, nikawasha kompyuta.

Wahojaji walikuwa watatu. Waliniuliza udhaifu mkubwa wa tasnifu yangu ni upi. Jibu la kutunga nilikuwa nalo, lile la kila mtu, kwamba niliwahoji watu wachache. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Badala yake nikawaambia kuhusu penseli na kifutio, dada aliyezikwa na binti aliyepona.

Wote watatu waliinama wakaandika.

Kisha mama mmoja wa falsafa akaniuliza hiyo "tu" inatafsiriwaje. Nikamwambia nimejaribu na nimeshindwa, kwa sababu kwa Kiingereza inageuka lalamiko, na kwetu anaweza kuisema mwenye furaha na mwenye msiba, na hakuna anayedanganya. Nikamwambia "niko" peke yake inasema nipo, na nipo mahali fulani. Hiyo "tu" inamwachia aliyeuliza aamue kama atapita au atabaki. Akasema basi hili ni swali la falsafa kabisa. Bwana mmoja wa saikolojia akamkatiza, akasema samahani, hili ni letu. Wakabishana mbele yangu kama dakika tano nzima, kwa adabu, lakini kweli walibishana.

Miaka minne wamekuwa wakinisukumiana, na leo kila mmoja alikuwa ananivuta kwake. Nilibana midomo nisicheke.

Hawajanipa nafasi. Wamesema niandike pendekezo upya, lianze na hiyo "tu", na niwatumie kufikia Jumatatu. Msimamizi wangu naye amejibu kwa mstari mmoja: niende Jumanne na zile karatasi zote. Sijui amekasirika au la. Naogopa kwamba tasnifu yangu itafunguliwa upya, na naogopa zaidi kwamba wale watatu watasikia na kubadili nia. Lakini tumaini nililo nalo leo sijawahi kuwa nalo katika maombi yale mawili ya kwanza.

Jioni nilitembea hadi Kangemi kumpa Mama Shiro habari. Njia nzima nilipanga maneno. Alikuwa na mteja.

"Uko aje, daktari?" akaniuliza bila kuinua macho. Ameanza kuniita hivyo kunitania.

Nilikuwa na habari za dakika ishirini, za furaha na za woga. Kilichotoka ni "Niko tu."

Alimaliza kukata, akafunga, akampa mteja mboga zake. Kisha akavuta kreti ya soda kwa mguu, akaisukuma mpaka ikagusa kiatu changu.

"Kaa," akasema.

Nilikaa hadi sukuma zikaisha.

Kesho, kabla sijaandika neno hata moja la lile pendekezo, naenda kujitafutia kreti yangu ya kukalia pale sokoni.